Beisi ya Nyakato: shajara ya kupatanisha mawe ya zamani na setilaiti

Ofisini tuko watatu: Mzee, ambaye ndiye mpima mwenye leseni, mimi, fundi sanifu niliyesomea Chuo cha Ardhi Tabora, na dogo mmoja wa mambo ya kompyuta. Tunajenga kituo chetu cha setilaiti, yaani beisi, juu ya jengo tulilopanga Nyakato, Mwanza, ili tupime viwanja kwa RTK (beisi inatuma masahihisho papo kwa papo kwa mashine iliyo kazini, unapata usahihi wa sentimita) bila kukodi mashine kila kazi inapokuja. Naandika kila hatua inapoisha. Anayetaka kunakili na anakili, ila asome kwanza tulipoharibu, kabla hajafungua pochi.

2 Februari 2025: Mita 63 au mita 57

Chanzo ni mama mmoja wa Luchelele. Ana kiwanja kinachotazama ziwa, kilipimwa miaka ya 1980, na ramani ya upimaji anayo. Mwaka 2019 alileta mpima akamwonyesha kona ya upande wa majini. Kutoka kigingi hicho hadi ukingoni, mita 63. Mwaka 2023 akaja mwingine, mashine nzuri zaidi, akachomeka kigingi chake mita 6 na kitu mbele ya kile cha kwanza. Hadi ukingoni, mita 57.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, haitaki shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa kigingi cha kwanza mama anajenga ukuta wake. Kwa cha pili hajengi. Tofali alizonunua zimeshaota majani.

Alipofika ofisini hakuuliza nani kati ya wale wawili ni mwongo. Alisema, "Wanangu, hivi hizo setilaiti ni zile zile kwa wote, au kila mtu ana zake?" Mzee alicheka. Mimi lile swali lilinikaa kichwani, maana wote wawili walitumia ramani moja, setilaiti zile zile, na hakuna aliyetetemeka mkono. Beisi ikisimama, kazi ya kwanza ni Luchelele.

9 Februari: Vifaa

Tumenunua bodi mbili za u-blox ZED-F9P (moja ya beisi, moja ya rova, yaani mashine ya kutembea nayo kazini) kwa sh 640,000 kila moja, antena mbili za sh 210,000 kila moja, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kadi yake sh 290,000. Usafiri na ushuru sh 365,000. Jumla sh 2,355,000. Betri ya kuvumilia umeme ukikatika, sh 230,000.

Tumeamua masahihisho yaende kwa rova kwa intaneti, kwa utaratibu wa Ntrip, badala ya redio. Redio za UHF zinahitaji kibali cha masafa cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na sisi kazi zetu zote ziko ndani ya mji ambako simu inashika. Anayepima visiwani huko Ukerewe au Kome afikirie upya.

23 Februari: Antena juu ya mabati (imeshindikana)

Tulimwita fundi wa kuchomelea akatengeneza mguu wa chuma, tukaufunga kwenye mabati, antena ikakaa kama sentimita 40 juu ya bati. Sh 25,000. Tulijiona wajanja.

Bodi ya pili tuliiweka uwanjani, mita 30 kutoka pale, kwenye jiwe lisilotikisika, tukarekodi wiki nzima. Umbali kati ya vitu viwili visivyotembea haupaswi kubadilika. Wetu ulibadilika. Kwa saa nyingi ulitulia ndani ya milimita chache, kisha mchana unaruka sentimita 3, hadi 4, unakaa hapo robo saa, unarudi. Dogo alisema ni joto la bati, bati linatanuka. Ilikuwa hoja ya maana, nami niliiamini siku tatu.

Kilichonitoa huko ni saa. Jumatatu mruko ulianza saa 8:10 mchana. Jumanne 8:06. Jumatano 8:02. Jua haliwahi dakika 4 kila siku. Wanaowahi ni setilaiti za GPS: kila moja huzunguka dunia mara mbili kwa siku ya nyota, na siku ya nyota ni fupi kuliko siku yetu ya saa 24 kwa dakika 4 kasoro sekunde 4. Kwa hiyo mpangilio wa setilaiti angani hujirudia kila siku, ila unawahi kidogo. Kosa linalofuata saa ya nyota si la joto, ni la mwangwi: setilaiti fulani ikifika mahali fulani, ishara yake inagonga bati na kurudi kwenye antena mara ya pili. Wimbi la L1, mojawapo ya yale ya GPS, lina urefu wa sentimita 19 hivi, na mwangwi unaweza kuupotosha upimaji wa wimbi hilo hadi karibu robo ya urefu wake. Sentimita 4 zetu zilikuwa zinajieleza.

Mguu umekwenda kwa jirani, ameufanya stendi ya ndoo ya kunawia.

16 Machi: Nguzo, na korongo

Jengo lina kipande cha zege juu ya ngazi, pembeni ya paa. Tumesimamisha hapo bomba la GI la inchi 2, mita 1.8, limezamishwa kwenye zege yenye nondo. Bomba sh 38,000, simenti mfuko mmoja sh 19,000, nondo na kuchomelea sh 45,000, fundi sh 40,000. Chini ya antena tumeweka sahani ya bati nene ya kuzuia mwangwi unaotoka chini. Mruko wa mchana umeshuka hadi chini ya sentimita 1.

Siku ya nne ishara ilianza kukatika asubuhi na jioni. Nikapanda na bisibisi nikidhani waya umelegea. Juu ya antena alikuwa amekaa korongo, yule mkubwa mwenye mfuko shingoni ambaye kila mtu wa Mwanza anamjua kwenye majalala na miti ya mjini. Kwake antena ni kigoda kilichowekwa kwa heshima yake. Tumezungushia waya mwembamba wa plastiki uliosimama kama miiba. Msitumie waya wa chuma, mtarudi kwenye mwangwi.

30 Machi: Beisi iko wapi duniani

Beisi isiyojua iliko inapotosha kila kitu kinachopimwa kutoka kwake. Tulirekodi saa 24 kwa siku tatu, tukatuma mafaili kwenye huduma ya bure ya Kanada, CSRS-PPP, inayokokotoa mahali ulipo bila kuhitaji beisi nyingine. Baada ya wiki mbili hivi, hesabu za mwisho za njia za setilaiti zikiwa tayari, tukatuma tena. Siku zote tatu zilikubaliana ndani ya sentimita 1. Nilifurahi mapema.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo na la aibu: kimo. Nilipima hadi katikati ya antena kwa macho, lakini faili linataka kimo cha wima hadi chini kabisa ya antena, na jina kamili la antena ili programu ijazie yenyewe kutoka hapo hadi mahali ishara inapopokelewa. Nilikuwa nimezidisha sentimita 6.3. Mtu anayepima viwanja tu asingeona kitu. Anayepima mtaro wa maji angeyaona yanapanda mlima.

La pili ni kubwa. Tulikuwa na namba za mahali (za kuratibu) za alama moja ya msingi ya TAREF11, ule mfumo rejea wa taifa wa 2011, tukapima kutoka beisi hadi kwenye alama hiyo. Ikakataa kwa sentimita 40 hivi, tukionekana tuko kaskazini-mashariki ya tunapopaswa kuwa. Tukarudia. Sentimita 40. Nikasafisha nguzo, nikabadili waya, nikamlaumu korongo.

Hakuna aliyekosea. Ardhi ndiyo iliyotembea. Namba za PPP ni za ITRF, mfumo rejea wa dunia nzima, ya tarehe uliyopima, yaani Machi 2025. Namba za TAREF11 zimefungwa kwenye ITRF pia, lakini za wakati ule, na jina lenyewe linakwambia ni wakati gani. Huku kwetu ardhi inasogea kuelekea kaskazini-mashariki kama sentimita 3 kwa mwaka ikilinganishwa na ITRF, nasi Mwanza tumekaa juu ya bamba dogo la Victoria, lililobanwa kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Zidisha kwa miaka 14, sentimita 40 hizo hapo.

Kwa hiyo PPP tumebaki nayo ya kukagulia. Namba ya beisi tunayotumia kazini ni ile iliyofungwa kwenye alama ya TAREF11. Mzee aliuliza swali moja tu: "Kama mwenzetu wa Ilemela anatumia PPP ya mwaka huu, na sisi TAREF11, viwanja vyetu vikikutana?" Vitapishana kwa sentimita 40, na kila mmoja ana karatasi safi.

13 Aprili: Mawe 14 ya Buswelu (kosa langu)

Umeme ulikatika usiku, betri ikaisha, beisi ikawaka upya asubuhi ikiwa imesahau namba yake. Nilikuwa na haraka. Nikabonyeza ile sehemu ya kuchukua wastani wa dakika 10, beisi ikajipa namba mpya, kazi ikaendelea. Rova iliandika "imefunga", milimita 12, rangi ya kijani. Tukapanda mawe 14 ya mpaka.

Jioni nikaona mawe yote 14 yamesogea kwa kiasi kimoja, mita 1.9 kuelekea magharibi. Kati yao wenyewe yalikuwa sawa kabisa. Hapo ndipo RTK inapomdanganya mtu mzima: zile milimita 12 ni usahihi wa umbali kutoka beisi, hazisemi lolote kuhusu beisi yenyewe. Enzi Marekani walipokuwa wanaivuruga GPS ya raia kwa makusudi, kabla hawajaacha Mei 2000, namba ya hivyo ingekosea makumi ya mita na ungeshtuka. Siku hizi inakosea mita 2, na mita 2 zinapita bila kelele.

Tumerudi siku mbili, vibarua na mafuta sh 260,000, na kumwomba radhi mwenye shamba ambaye alishapanda michongoma kwenye mstari wetu. Dawa: namba ya beisi imeandikwa ndani ya bodi yenyewe, ile sehemu ya wastani tumeifuta kwenye programu, na kila siku kabla ya jiwe la kwanza rova inasimama kwenye jiwe la ukaguzi getini. Likikataa zaidi ya sentimita 3, hakuna kazi. Chai tu.

4 Mei: Radi

Mvua ya alfajiri kutoka ziwani. Radi haikupiga nguzo, ilipiga mahali fulani jirani, lakini waya wa antena ulitosha kuileta ndani. Bodi ya beisi imekufa. Raspberry Pi imepona, sijui kwa baraka za nani.

Bodi mpya sh 640,000, usafiri sh 90,000. Kifaa cha kukata msukumo kwenye waya wa antena pamoja na ethi ya fimbo ya shaba, sh 185,000. Jumla sh 915,000, ambayo sh 185,000 kati yake ingetosha kama tungeanza nayo Februari. Anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria aisome aya hii mara mbili.

25 Mei: Arc 1960, au jinsi wawili walivyokuwa sahihi

Sasa Luchelele. Ramani ya mama imeandikwa kwa mfumo wa zamani, Arc 1960, uliojengwa juu ya umbo la dunia la Clarke 1880 na unaoanzia kwenye jiwe la Buffelsfontein huko Afrika Kusini. Setilaiti haziujui. Ukiandika namba za Arc 1960 kwenye mashine ya WGS 84, mfumo wa GPS, kama zilivyo, hapa Mwanza unakosea kama mita 300 kaskazini-kusini na mita 80 hivi mashariki-magharibi. Kosa hilo halimdanganyi mtu, unajikuta umesimama sebuleni kwa watu. Ni lazima namba zibadilishwe kwanza.

Nikafungua programu kama mpima yeyote anavyofungua, nikachagua "kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84". Ikaniuliza: ipi? Kila jibu ni seti ya namba tatu za kusogezea. Kuna seti ya wastani wa Kenya na Tanzania pamoja: mita -160, -6, -302. Kuna ya Kenya: -157, -2, -299. Kuna ya Tanzania: -175, -23, -303. Zote zimo kwenye orodha, zote zina sura ya kiserikali. Watu wengi huchukua ya juu kwenye orodha, au ile aliyoikuta kwa mwalimu wake.

Nikapitisha kona ya mama kwenye seti ya wastani: inasogea mashariki mita 82. Nikaipitisha kwenye seti ya Tanzania: mita 76. Mashariki-magharibi zimetofautiana mita 6, kaskazini-kusini karibu mita 2. Ziwa kwa mama liko magharibi.

Nilinyanyuka nikaenda kumwita Mzee. Alitazama skrini, akavua miwani, akasema, "Basi wote wawili walikuwa na haki." Kigingi cha 2019 ni seti ya wastani. Cha 2023 ni seti ya Tanzania. Hakuna aliyeandika kwenye ripoti yake alichagua ipi.

Mtu atasema, mama ni wa Tanzania, tumia ya Tanzania. Hapana. Seti hizi zina namba tatu tu kwa nchi nzima, na usahihi wake ni wa mita, si sentimita. Zilitengenezwa kwa ramani ndogo, si kwa jiwe la kiwanja. Pia Arc 1960 yenyewe haikupindishwa sawa kila mahali: wapima wa zamani walipeleka pembe na minyororo kutoka kilima hadi kilima, na makosa yao yakasafiri nao.

Kwa hiyo tumetafuta mawe ya zamani yenye namba za Arc 1960 na kuyapima kwa beisi yetu. Tulikusudia manane, tumepata matano. Moja liko juu ya miamba ya Igogo, mahali wanapofika mbuzi na wapima tu, nalo lilikuwa zima kama limewekwa jana. Matatu yanakubaliana ndani ya sentimita 9. La nne linapingana na wenzake kwa sentimita 40, tumelibakiza kwa alama ya kuuliza. La tano limekataa kwa mita 1.3, na mwenye duka jirani akatuambia waliochimba mtaro walilitoa, kisha wakalirudisha "hapo hapo". Tumelitupa.

Namba zetu za kubadilishia siziweki humu. Zinafaa kwa kipande hiki cha Mwanza tu, hazijakaguliwa na Wizara, na nikiziandika, mwezi ujao kuna mtu atazitumia Geita. Nitakachosema ni kwamba zimeangukia kati ya seti zile mbili.

15 Juni: Mabomba yaliyopungua sentimita 37

Mkandarasi mdogo alichukua kwetu mchoro wa njia ya bomba, mita 640.00, akanunua mabomba ya mita 640, akafukua, akapungukiwa sentimita 37. Alikuja na utepe mkononi. "Kaka, setilaiti zenu zinapima kwa pima ya wapi?"

Utepe wake uko sawa na namba zetu ziko sawa. Mita 640 zilikuwa za kwenye gridi ya UTM, yaani za kwenye ramani bapa, si za ardhini. Mwanza tuko ukanda wa 36 Kusini, karibu kabisa na mstari wa kati wa longitudo 33, na kwenye mstari huo UTM hufinya umbali kwa 0.9996. Hizo ni sentimita 25 hivi katika 37. Zilizobaki ni za mwinuko: ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na umbali ukishushwa hadi kwenye umbo la dunia unapungua tena. Jumla ni sentimita 58 kwa kila kilomita. Kwenye kiwanja cha mita 30 hakuna anayeona. Kwenye kitu kirefu kama daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 hivi, ni zaidi ya mita 1 na nusu.

Sasa kila mchoro wetu unaokwenda kwa mjenzi una urefu wa ardhini, na namba ya kuzidishia imeandikwa pembeni. Bomba la ziada tumelipia sisi. Siliingizi kwenye gharama za mradi, ni ada ya shule.

6 Julai: Chemba moja, mahali patatu

Wiki hii nimezunguka ofisi tatu za umma kuomba ramani za eneo moja. Nilipokelewa vizuri kote, chai nimekunywa. Ya kwanza inachora kwa Arc 1960. Ya pili kwa WGS 84, mwaka haukuandikwa. Ya tatu walikusanya kwa GPS ya mkononi na kuhifadhi kwa digrii. Nikaziweka pamoja kwenye QGIS, programu ya ramani. Chemba moja ya majitaka imetokea mahali patatu, na mahali pamoja kati ya hapo patatu ni majini, kwa samaki.

Mtu akiona hivyo atadhani nchi haina mfumo. Upo. Upimaji una sheria yake, Sura ya 324, na mwenye neno la mwisho ni Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani wizarani. TAREF11 ipo. Bara lina mpango wa AFREF wa kuunganisha mifumo ya nchi zote. Hata Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 69/266 la 26 Februari 2015, uliziomba nchi zishirikiane kwenye mfumo mmoja wa rejea wa dunia. Karatasi za juu hazipungui. Kinachopungua ni mstari mmoja chini ya kila ramani unaosema: namba hizi ni za ukoo gani.

Tusijidharau pia. Marekani, wenye GPS yenyewe, walikuwa na futi mbili hadi mwisho wa 2022: futi ya kimataifa na futi ya wapima, zikitofautiana sehemu 2 kwa milioni. Ni kidogo mno, mpaka uwe na namba ya kuratibu ya futi milioni 2. Hapo umekosea futi 4. Idara zao za vipimo na za upimaji zilibidi zikae pamoja kuistaafisha ile ya pili. Mzee ana ramani ya enzi za Tanganyika iliyo kwa futi, nami sasa naitazama kwa adabu.

Hatua yetu ni ndogo. Mzee amechongesha muhuri, sh 35,000, unaogongwa kwenye kila ramani na kila ripoti inayotoka hapa, na maneno yake ni haya:

Msingi: TAREF11. Gridi: UTM 36 Kusini.
Siku ya kupima: ........
Beisi na jiwe la ukaguzi: ........ tofauti: ........
Antena na kimo (wima, hadi chini): ........
Kama kuna Arc 1960: namba zilizotumika, na mawe zilikotoka: ........

Ofisi moja kati ya zile tatu imeomba nakala ya maneno. Pia tumeandika barua ya kuomba nguzo yetu na namba zake zikaguliwe rasmi. Kwa sasa beisi hii ni ya kwetu na kwa kazi zetu, na hatumpi mtu mwingine masahihisho hata akiomba kwa mbuzi.

27 Julai: Luchelele

Tumefika saa 1 asubuhi. "Mwangaluka, mama." "Mwangaluka, wanangu." Vigingi vyote viwili bado vipo, cha 2019 kimepakwa rangi nyekundu, cha 2023 cha bluu, kama timu za mpira. Kwa namba zetu, jiwe la miaka ya 1980 lilipaswa kuwa kati yao, karibu mita 2 kutoka chekundu. Pale pana mchanga na mti wa mpera.

Dogo amechimba. Sentimita 20, mizizi. Sentimita 35, kipande cha chungu. Sentimita 45, sururu ikalia. Tukaacha sururu, tukaendelea kwa mikono: zege ya mviringo, katikati nondo yenye kutu. Nikaweka rova juu yake. Ilikuwa sentimita 11 kutoka tulipotabiri.

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe. Akasema, "Ndilo hilo. Marehemu alilifukia mwenyewe, watoto walikuwa wanajikwaa." Mzee akamwuliza kwa upole kwa nini hakusema mapema. "Mlikuja na mashine, baba. Hakuna aliyeniuliza."

Jiwe likipatikana mahali pake, ndilo mpaka. Namba zinalifuata, haliwafuati wenye namba. Kutoka jiweni hadi majini leo, kwa utepe na kwa rova, mita 61.2. Tumepiga muhuri na kujaza nafasi zote tano. Je, ukingo unahesabiwa pale maji yalipo leo au yalipofika ziwa lilipojaa 2020? Hilo si letu. Tumemwandikia mama barua ya kwenda nayo kwa wenye kulisema, tarehe ya kupima ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa.

10 Agosti: Hali ilivyo

Beisi imekaa siku 61 bila kuzima. Jiwe la getini halijakataa zaidi ya sentimita 2 tangu Juni. Intaneti sh 30,000 kwa mwezi, miezi mitano sh 150,000. Kila kitu pamoja, radi na Buswelu ndani yake, sh 4,112,000.

Barua ya ukaguzi imepokelewa, muhuri wa masjala ni wa 4 Agosti. Mama ametuma ujumbe: ofisa atafika Alhamisi, na mpera hakuukata, ameuzungushia mawe ili jiwe lionekane. Kinachofuata ni kupima upya lile jiwe la sentimita 40 mvua zikiwa hazijaanza. Korongo amehamia kwenye tenki la jirani.